Uliniambia Nisizime

Wako watu wanaoogopa nyoka, wako wanaoogopa polisi, na wako wanaoogopa mama mkwe. Kathini Ndeti huogopa harufu. Plastiki ikianza kupata moto popote pale, hata iwe ni chaja ya jirani, yeye huacha chakula, huacha mazungumzo, na kuanza kunusa kuta chumba kwa chumba. Majirani zake wa Lindi, mtaa mmoja wa Kibera jijini Nairobi, walimcheka mpaka wakachoka. Waliokuwepo wakati wa ule moto wa miaka saba iliyopita hawakumcheka, kwa sababu walimwona alasiri ile akikimbia na mtungi wa gesi begani. Moto ukija Kibera, watoto hutolewa kwanza, kisha gesi. Vitanda na nguo Mungu atajua. Vyumba ishirini na viwili viliteketea, na cha Kathini kilikuwa kimojawapo.

Sasa, mwanamke mwenye hofu ya namna hiyo anafanya kazi gani? Anatengeneza mashine za kupasha joto. Ukitaka kucheka, cheka, lakini riziki haichagui.

Kwenye kituo cha Kawangware kiitwacho 56, nyuma ya duka la misumari na rangi, seremala mmoja wa Machakos aitwaye Mwanzia huunda masanduku ya mbao nyepesi yenye trei za mayai ndani na balbu mbili za moto. Hizo ndizo inkubeta. Wanaonunua ni watu wa vyumba vya kupanga, wanaoiweka kando ya kitanda na kusubiri siku ishirini na moja vifaranga watoke. Sanduku ni la Mwanzia, ila akili ya sanduku ni ya Kathini. Ni chipu moja, ndogo kuliko ukucha, inayopima joto na kuziwasha au kuzizima balbu.

Chipu ikitoka dukani haijui lolote. Lazima ifundishwe, na Kathini aliifundisha kwa kutumia Tarino, programu iliyoandikwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali na kuachwa wazi kwa kila mtu. Unaichukua bure, unaifungua uone ilivyoshonwa, ukikuta tundu unaweza kuliziba mwenyewe na wengine wote wakafaidi. Kathini alisomea umeme chuoni mwaka mmoja na nusu, akaachia njiani. Yaliyobaki alifundishwa na Tarino, na wateja wake waliamini kila kitu kilitoka kichwani mwake. Hakuwahi kuwasahihisha.

Juu ya ukurasa wa Tarino palikuwa na tangazo: Ikiwa inakusaidia, tusaidie kuitunza. Chini yake kulikuwa na orodha ya kazi ndogondogo zinazosubiri mikono. Kwa miaka mitano Kathini alilifunga tangazo lile bila kulisoma, jinsi waumini wanavyoinamisha vichwa ghafla pasta anapotafuta wa kufagia kanisa Jumamosi.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita tangazo lilibadilika likawa jekundu. Mwandishi alikuwa Simeon, mwalimu mstaafu wa nchi ya baridi, ambaye ndiye aliyebaki akiitunza Tarino. Zamani tulikuwa watatu, aliandika. Mmoja amefariki, mwingine ana watoto wadogo, nami macho yangu yanafifia. Watu elfu thelathini wanaitumia kazi hii. Asipopatikana wa kunisaidia kufikia tarehe thelathini, nitaifunga.

Kathini alilisoma tangazo lote kwa mara ya kwanza. Tarino ikifungwa, chipu mpya zitakazokuja sokoni hazitakuwa na mwalimu. Lakini yeye ni nani amwandikie mzungu aliyefundisha watu miaka arobaini? Kiingereza chake ni cha kununulia vipuri. Atajitokeza wa kumzidi. Akalifunga tangazo, akaenda kunywa chai.

Alhamisi, saa moja jioni, akiwa nyumbani Lindi akimenya viazi, simu ililia. Alikuwa Trizah Amolo, mama wa makamo ambaye wote humwita Mama Billy, mteja wake anayekaa safu ya tatu kutoka kwake.

"Kathini, kuja haraka. Inkubeta inatoa moshi."

"Umezima?"

"Sijazima. Si wewe uliniambia nisiwahi zima?"

Kathini hakumbuki alivyofika. Anakumbuka kwamba kisu cha viazi alikuwa nacho bado mkononi, na kwamba harufu ilimpokea kabla ya mlango. Sanduku lilikuwa limefunikwa blanketi zito, maana Mama Billy aliona stima, yaani umeme, imekuwa hafifu, akawahurumia vifaranga. Katikati ya blanketi palikuwa na duara la kahawia likipanuka. Nusu hatua kutoka pale, Billy wa miaka minne alikuwa amelala kitandani, mkono wake umening'inia karibu na sanduku.

Kathini aling'oa plagi, akalivuta blanketi nje na kulikanyaga mpaka likaacha kufuka. Kisha akaketi kwenye tope. Mayai sitini yalikuwa yameiva yote. Ubao wa ndani ulikuwa mweusi kama sufuria ya jikoni.

"Nilidhani ukizima wanakufa," Mama Billy alisema. "Ndiyo maana nikapiga simu kwanza."

Hilo ndilo lililomtoboa. Alikuwa amewaambia wateja wote neno lile lile kwa msisitizo, kwamba usizime hata kidogo, joto likikatika umepoteza. Watu walimsikiliza. Na ukiangalia vyumba thelathini na saba vya Kibera na Kawangware, vyote vilikuwa na sanduku lake, na ndani ya kila kimoja alikuwamo mtu mtiifu.

Jioni ile ile aliichomeka inkubeta upya, mayai yakiwa yametolewa na yeye mwenyewe amekaa mbele yake na mita ya umeme, ndoo ya mchanga kando. Stima ya kawaida ni volti mia mbili na arobaini. Lindi, watu wakiwasha koili za kupikia na pasi, mita ilisoma mia na thelathini. Chipu ilipokosa nguvu ya kutosha haikuzimika. Ilizubaa. Ilibaki imeshikilia balbu zikiwa zimewashwa, haipimi tena joto lolote. Mapishi yalipoisha na stima kurudi kwa nguvu, balbu ziliwaka kabisa, na chipu bado imezubaa. Kathini alitazama joto likipanda. Thelathini na nane, arobaini na tano, sitini. Akang'oa plagi kabla ya sabini.

Kosa halikuwa katika maandishi aliyoiandikia chipu yeye mwenyewe. Alilitafuta hadi akalikuta ndani ya Tarino yenyewe, mstari mmoja tu. Chipu ile huzaliwa na mlinzi wake ndani, ambaye nguvu zikishuka mno huiamuru izime na kuanza upya. Miaka mingi nyuma mtu aliandika mstari wa kumlaza mlinzi huyo ili betri zidumu, na hakuna aliyemwamsha tena. Waandishi wa Tarino waliishi mahali ambapo stima ipo au haipo. Hawakujua kuna stima ya katikati.

Au tuseme walikuwa wameambiwa. Chini ya mstari ule Kathini alikuta malalamiko ya miaka miwili nyuma, ya mtu wa nchi nyingine aliyesema mashine yake huchanganyikiwa umeme ukiwa dhaifu. Simeon alikuwa amemjibu: Huku kwangu siwezi kuupata umeme wa namna hiyo. Je, yuko yeyote anayeishi mahali ambapo umeme hudhoofika, anisaidie kupima? Hakuna aliyejibu. Watu kumi na wanne walikuwa wameweka alama ya kidole gumba, kumaanisha nasi pia tumeliona hilo, kisha wakaenda zao.

Kathini alivibonyeza vile vidole gumba kuona ni vya nani. Cha tisa kilikuwa chake.

Alikumbuka hata siku yenyewe. Alikuwa na haraka, kuna mteja alikuwa amesimama mlangoni. Mita alikuwa nayo, na stima dhaifu alikuwa nayo kila jioni bila kuitafuta, huenda kuliko mtu yeyote duniani anayeijua Tarino. Aliinua kidole akaona amesaidia.

Ijumaa alifika 56 mapema na kumweleza Mwanzia kila kitu. Mwanzia aliweka randa chini, akafunga mlango wa karakana.

"Skiza, Kathini. Tunapitia moja moja, tunasema ni service, unabadilisha huo mstari wako, tunafunga mdomo. Watu wakisikia neno moto, hii karakana haifiki Sunday."

"Ni thelathini na sita zimebaki, Fundi. Nitamaliza lini? Na leo jioni watu watapika kama kawaida."

"Na ukiwaambia wazime, mayai yao utalipa wewe?"

Kathini alimwogopa Mwanzia wakati ule, na aliwaogopa wateja. Aliogopa umati zaidi ya vyote, kwa maana alishaona Kibera inavyomtafuta mwenye kosa baada ya moto. Lakini kila alipofumba macho aliuona mkono wa Billy ukining'inia. Akachukua simu.

Alipiga simu thelathini na sita. Kwa kila aliyepokea alisema vile vile: zima sasa, ng'oa plagi, toa blanketi, nitakuja mwenyewe. Na karibu kila mmoja alimrudishia maneno yake: lakini uliniambia nisizime. Wengine walimtukana. Mmoja alilia, mayai yake yalikuwa ya siku ya kumi na nane. Kufika saa kumi na mbili na robo walikuwa wamezima thelathini na watano. Aliyebaki ni Mzee Osewe, mlinzi wa mchana wa shule moja, mjane anayekaa peke yake si mbali na 56. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Kathini alitembea, kisha akakimbia. Alipoingia kwenye ploti ya Mzee Osewe, vyumba vya kupanga ndani ya ua mmoja, ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na taa za koridoni zilikuwa zimefifia hadi rangi ya chai ya rangi. Alijua maana yake. Stima ilikuwa imeshashuka. Chipu ilikuwa imeshazubaa. Kilichobaki ni stima kurudi.

Mlango ulikuwa na kufuli. Alibisha, akaita, akaweka kiganja kwenye mabati. Yalikuwa na uvuguvugu, au labda ni jua la mchana, hakuweza kujua, na huko kutojua kulimtia wazimu. Karibu na choo aliona boksi la mita na swichi kubwa ya ploti nzima. Hakuomba ruhusa ya mtu. Aliivuta chini.

Ploti ilizimika. Redio zikakatika, watoto wakapiga kelele, milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine.

"Nani amezima stima?" Aliyeuliza alikuwa Muiruri, msimamizi wa ploti, mwanamume mnene aliyetoka na taulo kiunoni na nyundo mkononi. "We ni nani? Unafanya nini na mita yetu?"

Watu walikuwa kama kumi na tano, wakimzunguka. Kathini aliitazama ile nyundo. Angeweza kusema yeye ni fundi wa stima, na wangemwamini. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Naitwa Kathini," alisema. "Mimi ndiye nimetengeneza inkubeta ya Mzee Osewe. Iko na makosa. Stima ikirudi na nguvu inaweza kuchoma hii ploti. Jana ilichoma blanketi ya mtu Lindi. Msiwashe, tafadhali. Hata mkinipiga, msiwashe."

Wakiwa wamesimama hivyo, taa za ploti ya pili, ng'ambo ya ukuta, ziliruka ghafla zikawaka nyeupe kabisa. Stima ilikuwa imerudi. Watu wote waligeuka kuzitazama zile taa, kisha wakautazama mlango wa Mzee Osewe uliokuwa gizani.

Muiruri alikwenda na nyundo yake akaipiga kufuli mara tatu.

Ndani, sanduku lilikuwa limevikwa mablanketi mawili, na juu yake koti la suti, koti moja la pekee la kanisani la mzee. Kathini aling'oa plagi. Alipofungua kifuniko alisikia sauti nyembamba. Yai moja lilikuwa limetobolewa, na mdomo mdogo ulikuwa ukifanya kazi kwenye tundu.

"Hawa wanazaliwa leo," mwanamke mmoja alisema nyuma yake. "Bila moto watakufa."

Kilichofuata Kathini hakukipanga. Mke wa Muiruri alichemsha maji kwa gesi, mwingine akaleta vibuyu vya plastiki vya lita tatu, mwingine leso mbili za kufunikia. Vibuyu vya maji moto vikapangwa kuzunguka trei. Msichana wa saluni aliyekuwa na kipimajoto cha mtoto akawa ndiye mpimaji, akisoma kwa sauti kila baada ya dakika chache. Hakuna aliyejua kazi yote, ila kila mmoja alikuwa na kijisehemu. Mzee Osewe alipofika kutoka mazoezi ya kwaya, simu yake iliyokufa mfukoni, alikuta chumba chake kimejaa watu na vifaranga saba wakikauka kwenye koti lake.

Alimsikiliza Kathini mpaka mwisho. "Sasa wewe," akauliza, "na kama ungekuja kesho?" Kathini akaanza kukunja yale mablanketi.

Kwao Kitui, mama yake, aitwaye Kavindu, alikuwa mtu wa mwethya, kile kikundi cha kuchimba mitaro ya shamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Anayeweza jembe anachimba, asiyeweza anachota maji au anapika uji, lakini aliyekula uji na kutoweka hutajwa jina mbele ya wote. Kathini alikuwa amekula uji wa Tarino miaka mitano. Jumamosi asubuhi alikaa mbele ya laptopu, akaandika kwa Kiingereza chake cha vipuri. Alitaja jina lake, mtaa wake, na lile blanketi. Alikiri kidole gumba cha tisa. Akamaliza hivi: Huku umeme hudhoofika kila jioni. Nitapima. Niambie tu unataka nini.

Kabla ya kubonyeza alitoka nje mara mbili kupunga hewa. Dunia nzima ingesoma kwamba mashine ya Kathini Ndeti iliunguza blanketi. Alibonyeza.

Simeon alijibu kabla ya chai ya saa nne. Nimekusubiri miaka miwili, aliandika, na haikuwa lawama.

Kwa siku kumi na moja Kathini alizunguka mlango kwa mlango, Lindi hadi 56, akimwamsha mlinzi ndani ya kila chipu na kuongeza taa ndogo nyekundu inayowaka kila mlinzi anapofanya kazi. Wenye mashine aliwaomba kitu kimoja: jioni mhesabu taa hiyo imewaka mara ngapi, mnitumie. Wanne walikataa na kurudisha masanduku yao, na Mwanzia hakumsemesha Kathini kwa wiki nzima. Waliobaki walihesabu. Mama Billy alikuwa wa kwanza kila siku. "Leo tano," angeandika. "Na ya tano karibu niruke dirisha." Hesabu zote Kathini alizipeleka kwa Simeon. Mtu wa nchi nyingine alipoziona, akaleta za kwake, kisha wa tatu akajitolea kusaidia kuandika. Mstari ule ukabadilishwa, si kwa Kathini peke yake bali kwa wote elfu thelathini.

Tarehe thelathini Simeon hakuifunga Tarino. Kwenye orodha ya watunzaji aliongeza jina la Kathini, na chini yake: pamoja na wahesabuji wa Kibera na Kawangware. Kathini alimwonyesha Mama Billy kwenye simu. Mama Billy alisoma mara mbili, akauliza kwa nini hawakuandika Trizah.

Msidhani hofu iliisha. Mpaka leo Kathini hunusa kuta. Lakini majuzi, asubuhi, kabla ya kuanza kazi karakanani, alifungua ukurasa wa Tarino akakuta swali jipya. Mtu asiyemjua, wa mji asioujua, alisema kipimajoto chake husoma uongo mahali penye mvuke. Je, yuko mwenye joto na maji pamoja, anisaidie kupima? Vidole gumba kumi na kimoja. Jibu hakuna.

Mteja alikuwa amesimama mlangoni. Mshale wa Kathini ulikuwa umeshafika kwenye kile kidole gumba, na chake kingekuwa cha kumi na mbili. Katika karakana hapakuwa na kitu kinachoungua, lakini aliisikia harufu ya blanketi la Mama Billy, waziwazi.

"Ngoja kidogo," alimwambia mteja, akaandika: Ninayo yote mawili. Nitapima leo. Kisha akainuka, akanusa ukuta wa nyuma, na kwenda kutafuta bakuli la maji.